Vilima vingi, magari hakuna: mwongozo wa baiskeli kwenye njia za reli za zamani nchini Hispania

Nchi za Mediterania zina vilima vya kuudhi. Si milima ya kujivunia ukishaipanda. Ni vilima vinavyofuatana kama mawimbi ya kusi: ukimaliza kimoja, kingine kiko mbele yako, nacho kinakudai. Safari yangu ya kwanza Andalusia, kusini mwa Hispania, niliiambia programu ya simu inipitishe njia za vumbi tu, mbali na magari. Ilinitii. Kilomita 52 zilinimalizia siku nzima, na sehemu kubwa nilitembea kwa miguu nikisukuma baiskeli katikati ya mizeituni, mbwa wa mashambani wakinisindikiza. Nikiwa bondeni, jasho linanitoka, nikainua macho: juu ya daraja refu bibi mmoja na mjukuu wake wanapita kwa baiskeli, wanapiga soga kana kwamba wako uwanjani.

Walikuwa kwenye njia ya reli ya zamani. Tangu siku hiyo sijapanga safari ya changarawe, yaani ya baiskeli kwenye njia zisizo na lami, huko bila kutafuta kwanza reli ilipita wapi.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini reli

Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza, kwa hiyo garimoshi haliwezi mwinuko mkali. Wajenzi wengi wa reli walijizuia wasivuke asilimia 2 hivi, yaani kupanda mita 2 kwa kila mita 100. Kilima kikiwakatalia, walikitoboa handaki. Bonde likiwazuia, walilivusha daraja. Reli zilipong'olewa, kazi yote ile ya baruti na sururu ilibaki, na sasa anayeifaidi ni mwendesha baiskeli. Unapita katikati ya vilima vilevile vilivyonitesa mimi, ila miguu yako inadhani iko tambarare.

Mwaka 1993 Hispania ilianza mpango wa kuzigeuza reli zilizoachwa kuwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Zinaitwa Vías Verdes, njia za kijani, na zinasimamiwa kitaifa na Fundación de los Ferrocarriles Españoles, yaani Wakfu wa Reli za Hispania. Leo zimepita kilomita 3,000 nchi nzima. Magari hayaruhusiwi. Utakutana nayo pale njia inapokatana na barabara, na mara mojamoja trekta la mkulima anayeingia shambani kwake.

Udongo ni wa kushindiliwa, wenye changarawe ndogo. Aliyekulia kwenye barabara ya moramu hahitaji kufundishwa. Wakenya walioona mashindano ya baiskeli ya Migration Gravel Race, yaliyoanza 2021 huko Maasai Mara, watazikuta njia hizi laini mno, karibu za kuchezea. Ni kweli, na ndiyo raha yake. Anayetafuta mashimo na mawe ya kurusha meno aende kwingine.

Hatua ya 2: Chagua njia moja kati ya hizi tatu

Ziko nyingi. Mimi naanza na tatu kwa sababu kila moja ina mtu wake.

Ya kwanza ni Vía Verde de la Sierra, kilomita 36 kutoka Puerto Serrano hadi Olvera. Miji yote miwili iko mkoa wa Cádiz, ingawa katikati njia inapita pia Coripe iliyo mkoa wa Sevilla. Mtu mwenye siku moja au mbili aichukue hii bila kufikiri. Ina mahandaki 30 na madaraja 4 makubwa ya kuvuka mabonde. Rudia kusoma: mahandaki 30 ndani ya kilomita 36. TAZARA yote, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, haifikishi mahandaki hayo. Na kichekesho chake ni hiki: hakuna garimoshi hata moja lililowahi kupita hapo. Reli ya Jerez hadi Almargen ilijengwa miaka ya 1920, kazi ikasimama kabla haijakamilika, ikaachwa. Walichimba milima yote ile kwa ajili ya abiria ambaye hakuja, kisha miaka sabini baadaye tukaja sisi na baiskeli zetu.

Ya pili ni Vía Verde del Aceite, njia ya mafuta, takriban kilomita 128 kutoka Jaén hadi Puente Genil. Hii ni ya siku tatu ukitaka kustarehe. Garimoshi lake lilibeba mafuta ya zeituni, na reli ikafungwa katikati ya miaka ya 1980. Mkoa wa Jaén una mizeituni zaidi ya milioni 60, nayo utaiona karibu yote, au ndivyo utakavyohisi. Nisikufiche: kuna watu wanaochoshwa na mizeituni siku tatu mfululizo. Mimi sichoki, lakini mwenzangu niliyesafiri naye alifika mji wa Cabra akasema akiona mzeituni mwingine atalia. Kinachoiokoa njia hii ni madaraja ya chuma ya karne ya 19, membamba na marefu. Lile la mto Guadajoz, mpakani mwa Jaén na Córdoba, lina zaidi ya mita 200.

Ya tatu iko mbali na hizo, kaskazini, Katalunya: Ruta del Carrilet, kutoka Olot hadi Girona, kilomita 57 hivi. Ukipenda unaendelea kilomita nyingine 39 hadi bandari ya Sant Feliu de Guíxols, ukamalizia kwa kuogelea baharini. Carrilet ni kijireli, kwa sababu nafasi kati ya reli zake mbili ilikuwa nyembamba, sentimita 75 tu. Ilifungwa 1969. Inaanzia kwenye eneo la volkano zilizolala la Garrotxa, ikipita Les Preses, Sant Feliu de Pallerols, Amer na Anglès. Mwenye watoto, au anayepanda baiskeli baada ya miaka kumi, aende huku. Olot iko juu kama mita 440 na Girona mita 70, kwa hiyo baada ya kilima kimoja cha mwanzoni, Coll d'en Bas chenye mita 620 hivi, sehemu kubwa iliyobaki unateremka. Kijireli kiliweza kupanda kuliko reli kubwa, na hapo Coll d'en Bas utalijua hilo kwa mapaja yako.

Maelezo yanayofuata nitayashika zaidi kwenye Sierra, maana ndiyo ninayoijua kama mfuko wa suruali yangu. Mengi yanafaa pia kwa hizo mbili.

Hatua ya 3: Chagua mwezi kabla ya kuchagua hoteli

Machi hadi Mei, au Oktoba hadi Novemba. Basi.

Julai na Agosti usiende Andalusia na baiskeli. Najua wengi wetu tulioko Ulaya likizo zetu ziko hapo, na najua utasema wewe ni mtoto wa Tanga, joto halikutishi. Joto la Tanga lina bahari. Hili linavuka nyuzi 40, ni kavu, linakunyonya maji bila hata kuona jasho. Kama huna mwezi mwingine, nenda Carrilet yenye vivuli, toka saa kumi na mbili unusu asubuhi na saa tano uwe umeshafika.

Kuanzia Novemba hadi Januari ni mavuno ya zeituni, na kwenye Vía Verde del Aceite matrekta yanakatiza njia mara kwa mara. Huo pia ni msimu wa mvua. Njia yenyewe inapitisha maji vizuri, lakini ukitoka nje yake hata mita 50, ule udongo wa mfinyanzi wa kwenye mizeituni unashika tairi kama ugali mbichi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Baada ya mvua kubwa, mawe huanguka na vipande vya njia hufungwa. Piga simu kwenye stesheni ya zamani iliyogeuzwa hoteli unakotarajia kulala, uliza, ndipo ununue tiketi.

Hatua ya 4: Baiskeli

Huhitaji baiskeli ya bei mbaya. Puerto Serrano na Olvera zote wanakodisha, na kwa siku moja kukodi ni akili kuliko kubishana na shirika la ndege. Ukija na yako, tairi za milimita 35 hadi 45 zinatosha. Upepo usiujaze hadi tairi liwe jiwe. Ukilibonyeza kwa dole gumba libonyee kidogo.

Pancha za huko zina sababu moja kubwa nayo unaifahamu tangu utotoni: mbigili. Zile zile zenye pembe, zinazokuchoma mguu ukitembea peku. Zinaota kandokando ya njia, hasa kiangazi kikiisha. Kwa hiyo ukisimama kupiga picha, usiiegeshe baiskeli majanini. Tairi zisizo na tyubu, zenye maji ya kuziba matundu ndani, ndizo zinazofaa. Kama zako zina tyubu, beba mbili za akiba, viraka, vijiko vya kung'olea tairi na pampu. Fundi wa njiani kama wa kwetu, mwenye karai la maji na kipande cha sandpepa chini ya mwembe, huko hayupo.

Taa ya mbele na ya nyuma ni lazima kabisa, nitaeleza hivi punde. Helmeti nayo ni sheria nje ya miji, na kwa aliye chini ya miaka 16 ni sheria kila mahali.

Hatua ya 5: Siku yenyewe, Puerto Serrano hadi Olvera

Amua upande kwanza. Njia inapanda polepole kuelekea Olvera. Wengi wanaanzia Olvera ili wateremke, halafu jioni wanagundua gari lao liko juu. Mimi naanzia chini, Puerto Serrano, asubuhi miguu ikiwa mizima, napanda kwa saa tatu hivi za kukanyaga pedeli, nalala Olvera, kesho yake narudi kwa kuteleza. Mwinuko ni mdogo hivi kwamba hutauona kwa macho. Utajua tu kwamba unaenda polepole kuliko ulivyotarajia na utaanza kulaumu tairi au kifungua kinywa. Si tairi, ni kilima kinakudanganya. Shusha gia moja uendelee.

Jaza maji lita mbili kabla ya kutoka. Mwanzoni unafuata mto Guadalete, kisha Guadalporcún. Ukiona majina ya mito huko yakianza na Guad-, ni neno la Kiarabu, wadi, lililobaki tangu enzi za Waislamu wa Andalusia. Hata zeituni zenyewe: Wahispania wanaita aceituna. Ni neno letu lilelile, limetoka shina moja, likavuka bahari mbili tofauti.

Sasa mahandaki. Hapa nina deni la kukuonya. Mara ya kwanza niliingia handaki la pili au la tatu nikiwa na miwani ya jua, mwendo mzuri, nikijua mna taa. Taa zilikuwemo, zile zinazojiwasha mtu akipita, lakini siku ile zilichelewa. Kwa sekunde kama tano nilikuwa kipofu kamili, nikasikia sauti ya mtu mbele yangu, nikakamata breki zote mbili. Nilianguka ubavu, nikapoteza ngozi ya kiwiko. Yule mtu alikuwa mama na kigari cha mtoto. Hakuna aliyeumia zaidi yangu, lakini tangu hapo nina utaratibu, nao naufuata hata nikichoka:

Ukiona mdomo wa handaki, vua miwani ya jua mita 50 kabla. Washa taa zako mwenyewe bila kutegemea za ukutani. Punguza mwendo hadi wa mtu anayekimbia polepole. Shika upande wa kulia, maana huko wanapita kulia, na mkono wetu wa kushoto wa Afrika Mashariki husahau gizani. Piga kengele. Mwenda kwa miguu ndiye mwenye haki ya kwanza, humo ndani na nje pia. Refu kuliko yote, handaki la El Castillo, lina karibu kilomita moja, na ndani ni baridi hata Mei. Kuwa na jaketi jepesi karibu, si chini kabisa ya mkoba.

Kabla ya nusu ya njia kuna stesheni ya Coripe, iliyogeuzwa kuwa mgahawa na vyumba vya kulala. Simama, kunywa kahawa. Hapo karibu kuna Chaparro de la Vega, mti wa jamii ya mwaloni wenye umri wa karne kadhaa, na kivuli chake kinatosha harusi nzima. Umetangazwa kuwa urithi wa asili unaolindwa.

Ukishapita nusu, jabali la Zaframagón linajitokeza mbele, peke yake, kama limedondoshwa. Hapa ndipo pa kukaa. Jabali hilo ni hifadhi, na kwenye nyufa zake wanaishi tumbusi wengi sana, moja ya makundi makubwa ya Andalusia. Tumbusi kwetu ni ndege wa kudharauliwa, wa jalalani. Ukiwaona pale wanaruka bila kupiga bawa, mbawa zenye mita mbili na nusu kutoka ncha hadi ncha, wakipanda na hewa ya moto kutoka bondeni, dharau inakwisha. Stesheni ya Zaframagón imefanywa kituo cha kuwatazama kwa kamera. Kikiwa kimefungwa, daraja lililo karibu linatosha; shusha baiskeli, kaa kimya robo saa. Wakati mzuri ni kuanzia saa nne asubuhi, hewa ikishaanza kupata moto. Mapema kuliko hapo wamekaa tu juu ya mawe wakikusubiri wewe.

Baada ya hapo ni mahandaki zaidi, na mwishowe Olvera: nyumba nyeupe, kanisa na ngome juu ya kilima. Tahadhari moja. Stesheni iko chini, mji uko juu, na kati yao hapana reli iliyosawazisha chochote. Kilima hicho ni cha kweli. Ndiyo maana mimi nalala stesheni, kwenye hoteli ya mle mle ndani.

Hatua ya 6: Kula, na saa za kula

Ratiba ya Hispania itakushinda usipoipanga. Jikoni za chakula cha mchana hufunguliwa mnamo saa nane na kufungwa saa kumi. Cha usiku huanza saa mbili unusu, wakati mwingine saa tatu. Maduka ya miji midogo hufungwa saa nane mchana hadi saa kumi na moja, na Jumapili sahau. Kwa hiyo nunua tende, ndizi na mkate asubuhi. Nimeona watu wazima wanakaribia kugombana kwa sababu ya biskuti moja saa kumi na nusu.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe: uwe macho. Huko nguruwe si nyama tu, ni kiungo. Dengu zinapikwa na soseji yake, salmorejo, ile supu baridi ya nyanya na mkate, inanyunyiziwa vipande vyake juu, na mhudumu ukimwambia hutaki nyama anaweza kukuletea jamón, paja la nguruwe lililokaushwa, kwa roho safi kabisa, maana kwake hiyo siyo nyama. Sema wazi: "sin cerdo y sin jamón", yaani bila nguruwe na bila jamón. Vinavyotegemewa ni tortilla de patatas, yaani viazi na mayai, samaki wa kukaanga, na asubuhi mkate wa kuchoma uliomwagiwa mafuta ya zeituni na nyanya iliyosagwa. Huo mkate peke yake unakufikisha kilomita 20.

Hatua ya 7: Kufika na kurudi

Sierra haina garimoshi hata leo. Stesheni ya treni unayoweza kuitumia ni Jerez de la Frontera, kisha basi au gari. Mabasi yapo, lakini dereva ndiye anayeamua kama baiskeli itaingia, na mimi nimeshakataliwa. Kuanzia siku hiyo natembea na mfuko mkubwa wa kitambaa. Ninavua magurudumu mawili, nafunga, na kinachobaki ni mzigo kama mizigo mingine.

Vía Verde del Aceite ni rahisi zaidi, kwani Jaén ina treni kutoka Córdoba na Madrid, na njia inaanzia pembeni mwa mji, kwenye uwanja wa michezo wa Las Fuentezuelas. Lala Alcaudete siku ya kwanza, Cabra siku ya pili. Katikati hapo, kijiji cha Zuheros kinastahili kupandiwa ingawa kiko juu ya njia na mteremko wake hauna huruma. Kwenye treni za kawaida za Renfe, shirika la reli la Hispania, nafasi za baiskeli ni chache, ziweke pamoja na tiketi. Olot haina treni. Panda basi kutoka Girona, uliza kuhusu baiskeli siku moja kabla.

Anayetoka moja kwa moja Dar au Nairobi aombe viza ya Schengen mapema, na kwenye maombi aeleze njia na mahali pa kulala kwa tarehe. Nambari ya dharura ni 112. Mtandao wa simu hupotea kwenye mabonde ya Sierra, kwa hiyo pakua ramani kabla.

Na usiku wa mwisho, kabla hujaifunga baiskeli mfukoni, futa cheni. Vumbi la huko ni jeupe, laini kama sembe, na likichanganyika na mafuta ya cheni safari nzima ya kurudi, utakapoifungua nyumbani utakuta imekuwa msasa.